Uzoefu wangu: Odisea kwa fotokopi ya dola saba

Kila mwezi wa nane ukifika, mama mmoja au wawili wa mtaa wetu hapa Ibanda, Bukavu, huniuliza lile lile: yale masomo ya Jumamosi, ya Kiingereza cha vitabu vya kale, yanastahili pesa? Nimeshajibu kwa sauti za WhatsApp hadi koo limekauka. Leo naandika, anayetaka asome.

Nilisoma mwaka wa shule wa 2022-2023, nikiwa mwaka wa tatu wa humanite, yaani sekondari ya juu. Kila Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa sita. Ada dola 15 kwa mwezi, na dola 7 za kitabu unazolipa mara moja. Jina la kituo naliacha, kwa sababu kuna watoto wa majirani bado wako pale, na pia kwa sababu mabaya nitakayoyasema mtayakuta hata kwingine.

Tangazo lilisema kwamba ndani ya miezi tisa mwanafunzi atakuwa anazungumza Kiingereza bila kigugumizi. Mimi nilifuata hilo tu. Shuleni Kiingereza chetu kilikuwa cha ubaoni: unapanga vitenzi kwenye safu, unapata alama, unarudi nyumbani na ulimi ule ule. Sikujua kwamba katika miezi hiyo tisa, sita tungekaa na mtu mmoja, Odysseus wa kwenye Odisea, hadithi ya kale ya Wagiriki iliyotungwa na Homer, anayetafuta njia ya kurudi kwao kwa merikebu.

Nianze na kitabu, maana hapo ndipo pesa iliponiuma. Dola 7 zilinipa fotokopi nene iliyoshonwa kwa uzi pembeni, jalada la karatasi ya buluu, bila jina la mfasiri. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni tafsiri ya Samuel Butler, Mwingereza, iliyotoka mwaka 1900. Homer alitunga mashairi. Butler aliyageuza kuwa nathari, sentensi ndefu za Kiingereza cha wakati wa malkia Victoria, unaanza kusoma moja asubuhi unaimaliza umeshiba njaa. Tafsiri hiyo haina tena mwenye haki. Iko bure kwenye maktaba ya intaneti ya Project Gutenberg, na siku nilipoitafuta ilishuka kwenye simu yangu kabla sijamaliza chai. Karatasi na wino vina gharama, sikatai. Lakini mtu angetuambia.

Ubaya mkubwa wa fotokopi ile ulikuwa majina. Butler aliwapa miungu ya Wagiriki majina ya Kirumi: Zeus kwake ni Jove, Athena ni Minerva, Poseidon ni Neptune, Hermes ni Mercury. Prof wetu, ndivyo tulivyomwita mwalimu, kwa upande wake alifundisha kwa majina ya Kigiriki. Jumamosi tatu nzima mimi niliamini Athena na Minerva ni wanawake wawili wanaoshindana kumsaidia Telemachus, mwana wa Odysseus, na nilikuwa nasubiri ni lini watagombana. Ulysses, yaani Odysseus, peke yake hakutusumbua, kwa sababu Kifaransa kinamwita Ulysse na wengi tulishamsikia. Jumamosi ya nne Prof aligundua, akachora ubaoni safu tatu, Kigiriki, Kirumi na Kifaransa, akatuacha tunakili. Jedwali lile nililibandika ndani ya jalada. Kama utasoma kwa Butler, lichore siku ya kwanza, usingoje ya nne.

Kisha kurasa. Kwenye nakala yangu kurasa nne za Kitabu cha 11 (sehemu za Odisea huitwa vitabu) hazikuwemo. Hapo ndipo Odysseus anaposhuka kwa wafu. Kwangu alishuka, akamwaga damu ya kondoo, halafu ghafla alikuwa anazungumza na watu wengine kabisa. Nilidhani ndivyo hadithi ilivyo. Siku Prof alipouliza ni nani kati yetu aliyeguswa na mkutano wa Odysseus na mama yake, mimi nikajiuliza, mama gani? Niliazima nakala ya rafiki yangu, nikakaa jioni nzima ninanakili kwa mkono. Mama yake, Anticlea, alikuwa hai mwana alipoondoka kwenda vitani Troy. Mwana anamkuta huko chini bila kujua kwamba amekufa. Anamuuliza ni ugonjwa gani uliomuua. Mama anasema haukuwa ugonjwa, ni hamu ya kukuona wewe. Mara tatu anataka kumkumbatia, mara tatu anakamata hewa. Nimeshasahau vitu vingi vya mwaka ule, hiki hapana, na nadhani ni kwa sababu kalamu yangu ilipita juu ya kila neno. Kwa hiyo hata kurasa zilizokosekana siwezi kuzilalamikia kwa moyo wote.

Nije kwa Noman. Katika Kitabu cha 9 Odysseus na wenzake wamefungiwa pangoni na Polyphemus, lile jitu la jicho moja, linalokula watu wawili wawili. Odysseus analilewesha, analidanganya kwamba jina lake ni Noman, kisha analitoboa jicho. Sasa kumbukeni kwamba Bukavu ya wakati ule ilikuwa bado na wanajeshi wa Pakistani wa Umoja wa Mataifa, na Noman ni jina la Kipakistani kabisa. Rafiki yangu akanyoosha mkono, akauliza, tena bila kucheka, kama Odysseus alikuwa Mwislamu. Darasa lilivunjika mbavu, lakini kosa halikuwa lake. Butler aliyaunganisha maneno mawili, no na man, kuwa jina moja, na mtu anayejifunza Kiingereza hauoni mshono.

Jioni ile umeme ulikatika nyumbani. Koko wangu, mama ya mama, mwenyeji wa Walikale, Kivu ya Kaskazini, alikuwa anachambua maharage kwa mwanga wa simu yangu. Kwa kuwa simu ilikuwa kazini na mimi sina la kufanya, nikamsimulia. Ilibidi nilitafutie lile jina Noman Kiswahili chake, nikasema: basi Odysseus akaliambia, mimi naitwa Hakuna Mtu. Jitu likatobolewa, likalia, majirani wakaja kusimama nje: nani anakuua? Nalo likajibu, "Hakuna Mtu ananiua!" Koko alicheka kabla sijafika kwa majirani kurudi kulala. Alicheka hadi sinia ikamtoka mapajani, tukabaki tunaokota maharage sakafuni gizani. Ningesema kama mwalimu wa Kiswahili anavyotaka, "hakuna mtu anayeniua," mzaha ungekufa palepale. Kiswahili chetu cha Bukavu ndicho kilichoubeba.

Akiwa bado anafuta machozi, Koko akasema: "Huyo ni mjanja, ndiyo. Lakini alizaliwa anatembea?" Ndivyo nilivyoanza kumsikia Mwindo.

Usiku ule na mingine miwili. Mwindo, shujaa wa hadithi ya Wanyanga, kabila la Walikale, Kabutwakenda, kale kadogo kalikozaliwa kakitembea. Baba yake, Shemwindo, chifu wa Tubondo, aliwaambia wake zake wazae wasichana tu, wa kiume atakufa. Mwindo akaja, akapigwa mikuki isimpate, akafungiwa ndani ya ngoma na kutupwa mtoni. Akasafiri na maji hadi kwa shangazi yake Iyangura. Halafu baba akakimbilia chini ya ardhi, naye Mwindo akamfuata na usinga wake mkononi. Kabla ya kushuka alimpa shangazi ncha ya kamba. Akamwambia: ukiona kamba imetulia, ujue nimekufa.

Ikaangukia vizuri mno, kwa sababu Jumamosi iliyofuata Prof aliiweka Odisea pembeni akatufundisha Theseus, shujaa mwingine wa Wagiriki, anayeingia kwenye nyumba ya vichochoro huko Krete na uzi aliopewa na Ariadne, binti wa mfalme wa huko. Nikanyoosha mkono. Nilisema kwa Kiingereza kibovu kwamba kwetu kuna mmoja ambaye kamba yake imeshikwa na shangazi. Prof akauliza shangazi anafanya nini na hiyo kamba. Nikajibu: anasubiri habari. Hapo ndipo nilipoiona tofauti, palepale nikiwa nimesimama. Uzi wa Ariadne ni wa aliye ndani, umwonyeshe mlango. Kamba ya Iyangura ni ya aliyebaki nje.

Prof alifuta ubao wote. Kumbe alikuwa anaijua. Alituambia kwamba mwaka 1956 Mbelgiji mmoja, Daniel Biebuyck, alimsikiliza msimulizi wa Kinyanga aitwaye Rureke kwa siku 12, akiimba, akisimulia na kucheza, na yote yakaandikwa. Kisha Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga mwenyewe, wakaitoa kwa Kiingereza mwaka 1969, kwenye chapa ya Chuo Kikuu cha California. Yaani hadithi ya Koko iko kwa Kiingereza tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Mtoto wa Marekani anaweza kuifungua maktabani. Mimi niliipata kwa sababu umeme ulikatika.

Hili ndilo lalamiko langu kubwa juu ya masomo yale, kubwa kuliko fotokopi. Mwindo hakuwa kwenye programu. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akapewa Jumamosi mbili, akatolewa kwa sababu tulikuwa tumechelewa kwenye ratiba. Na zile ndizo Jumamosi mbili ambazo hakuna aliyetazama saa. Tuligombana juu ya miisho: Odysseus anarudi nyumbani anaua wachumba 108 waliokuwa wanakula mali yake na kumsumbua mke wake Penelope, Mwindo anamtoa baba yake chini ya ardhi, anamsamehe, wanagawana nchi. Wavulana wa nyuma walisema Mwindo ni mjinga. Msichana mmoja wa Bagira akawajibu kwamba Odysseus angekuwa na baba wa kumtupa mtoni tungeona. Yote hayo kwa Kiingereza, makosa yakimwagika, na Prof hakusahihisha hata moja. Karatasi niliyoandika baada ya hapo nilipata 14 juu ya 20, na ilikuwa mara ya kwanza kuandika Kiingereza bila kupitia kwa Kifaransa kwanza.

Kuna siku nyingine nzuri, ya wale wajakazi. Baada ya kuwaua wachumba, Telemachus anawanyonga wanawake 12 wa nyumba waliokuwa wakilala nao. Prof aliuliza tungewaitaje kwa Kiswahili. Mmoja akasema watumishi, mwingine akasema mabone, kama tunavyowaita wasichana wa kazi hapa mjini. Mimi nikamkumbuka Hajiri wa kwenye Biblia, mjakazi wa Sarai, nikasema wajakazi. Prof akafungua simu yake, akatusomea ukurasa ule ule kutoka kwa tafsiri ya Emily Wilson ya mwaka 2017, mwanamke wa kwanza kuitoa Odisea nzima kwa Kiingereza. Wilson hazungukizunguki: mtumwa anamwita mtumwa. Tena sentensi zake ni fupi, za kupumulia, na nilizielewa kwa kusikia mara moja, mimi niliyekuwa natoka jasho kwa Butler. Tangu siku hiyo najiuliza kwa nini tulilipishwa kile kigumu. Najua jibu, kile kigumu ni cha bure.

Mengine nayapita haraka. Tulikuwa 46 kwenye chumba cha mabati, na mnaijua mvua ya Bukavu: ikianza, Prof anageuka sinema isiyo na sauti, tunasoma midomo. Romeo and Juliet ya Shakespeare ilibaki na Jumamosi tano mwishoni. Tulikariri yale maneno ya roshani, tukapiga picha, basi. Nilitamani angalau mtu ataje kwamba Nyerere alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963. Na vyeti vilichelewa miezi miwili.

Sasa, mama wa Ibanda, jibu lenu. Kama unataka mtoto apite Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, usilipe. Mtihani wa lugha ni wa kuchagua jibu kati ya yaliyoandikwa, na hakuna swali la Polyphemus. Mimi alama zangu za Kiingereza zilipanda kidogo tu. Kama unataka azungumze kama tangazo linavyosema, hapana vilevile, miezi tisa kwa Jumamosi haitoshi. Ila kama mtoto ni wa kubishana, wa kusoma hata karatasi ya kufungia sukari, mpeleke. Kabla ya kutoa dola 15, nenda ukaulize mambo mawili: prof ni nani, na tafsiri ni ipi. Wakikujibu "ni kitabu tu", rudi nyumbani. Prof wetu alikuwa na thamani ya ada yote. Bahati mbaya sasa hafundishi tena pale, na sijui aliyechukua nafasi yake anafuta ubao mtoto akitaja shangazi.

Mdogo wangu anaanza mwezi wa tisa, ameshasumbua vya kutosha. Fotokopi nimempa yangu, na jedwali la majina, na zile kurasa nne za mkono nimezishona mahali pake. Dola saba sitoi tena.