Uzoefu wangu na cherehani nyeusi ya miguu kwa anayejifunza kushona

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: kama unaanza kushona na unataka mshono ulionyooka, imara, kwenye pamba, kitani au jinzi, cherehani hii inafaa kuliko nyingi za plastiki zenye mishono ya mapambo usiyoihitaji. Ukitaka zigizaga (mshono unaokwenda kushoto na kulia), au kazi yako kubwa itakuwa vitambaa vinavyovutika, tafuta nyingine.

Naizungumzia ile nyeusi ya chuma, iliyofungwa juu ya meza yenye pedeli, ya muundo unaoitwa namba 15. Singer ndio waliouanzisha mwishoni mwa karne ya 19, kisha viwanda vya Japani na China vikaunakili mno. Ninayotumia ni nakala mojawapo. Wingi huo wa nakala ni faida: sindano ni za kawaida za nyumbani (paketi huandikwa 130/705 H, 15x1 au HAx1) na bobini (vigurudumu vidogo vya uzi wa chini) ni za namba 15, zenye upana wa karibu milimita 20, kimo cha kama milimita 11.7 na nyuso bapa. Usichukue bobini za namba 66, ambazo nyuso zake zimebinuka kidogo. Kwa macho zinafanana, lakini ukiilazimisha ndani ya kikombe kinachoshika bobini uzi wa chini utakwama au utalegea ovyo.

Ikiwa mpya huja imepakwa mafuta mazito ya kuzuia kutu. Yafute, kisha tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, pamoja na njia ambamo ndoano ya chini, ile inayonasa uzi wa sindano, huzunguka. Tone moja, si mfereji. Mafuta ya kupikia ni marufuku kabisa, kwa sababu hukauka yakawa gundi. Ukiikuta ya zamani imekuwa nzito, tia mafuta ya taa kidogo kwenye matundu, izungushe dakika chache, futa uchafu unaotoka, halafu ndipo utie mafuta yenyewe. Kabla ya kushona nguo, shona kwanza kitambaa kibovu mpaka madoa yaishe.

Kuna jambo dogo linalowafanya wengi waamini mashine ni mbovu. Skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu la mkono hulegezwa unapojaza bobini, ili gurudumu lizunguke bila sindano kupanda na kushuka. Nyuma ya skrubu hiyo kuna washa yenye masikio. Ukishaitoa kwa usafi na kuirudisha kinyume, skrubu haikazi vizuri au hailegei kabisa: ama gurudumu linazunguka na sindano imetulia tuli, ama sindano haikomi hata ukijaza bobini. Dawa ni kuitoa washa na kuizungusha nusu duara, kisha kukaza tena. Hakuna kilichoharibika.

Mkanda wa ngozi nao hulegea kwa matumizi. Ukiona miguu inakwenda lakini gurudumu linateleza, fungua kibanio, kata kama sentimita 1, toboa upya, ufunge. Usikate zaidi. Mkanda uliokaza mno huifanya pedeli iwe nzito, na lawama huenda kwa mashine.

Sasa miguu yenyewe. Usiweke uzi siku za mwanzo. Legeza ile skrubu ya gurudumu, inua mguu wa kukandamiza kitambaa, na ujifunze kukanyaga tu: mkono wa kulia unalianzisha gurudumu kuelekea kwako, miguu inapokea. Gurudumu likienda kinyume hata nusu mzunguko wakati kuna uzi, nyuzi hujisokota kwenye ndoano na mashine hukwama. Ukishaweza kuanza, kwenda polepole na kusimama bila gurudumu kurudi nyuma, kaza skrubu, weka sindano kuukuu isiyo na uzi na ushone karatasi yenye mistari: kwanza mstari mnyoofu, kisha kona, kisha mviringo. Matundu hayadanganyi. Yakiyumba, chanzo mara nyingi ni macho kuitazama sindano inayopanda na kushuka. Tazama ukingo wa ule mguu na umbali wake kutoka kwenye mstari.

Kwenye kona simama sindano ikiwa ndani ya kitambaa, lakini imeanza kupanda kidogo, si chini kabisa. Hapo ndoano imeshanasa kitanzi cha uzi, hivyo ukigeuza kitambaa mshono hauruki.

Nikiletewa cherehani "mbovu" ya mwanafunzi naanzia kwenye sindano. Upande bapa wa shina lake lazima uelekee kwenye ndoano, na mfereji mrefu uwe upande uzi unakotokea. Kwa cherehani hii bapa iko kushoto, na uzi huingia kwenye tundu kutoka kulia kwenda kushoto. Wanaohamia hapa kutoka kwenye mashine za umeme, ambazo bapa yake huwa nyuma, huweka kwa mazoea na hawapati hata mshono mmoja. Isukume sindano juu mpaka iguse mwisho wa tundu linaloishika ndipo ukaze. Ikishuka milimita moja tu pasipostahili, ndoano hupita bila kunasa uzi.

Kuhusu ukubwa, namba ya kwanza ni unene kwa sehemu za mia za milimita: 90/14 ina kipenyo cha milimita 0.9 nayo ndiyo ya kazi nyingi za pamba. Kitambaa chepesi kinataka 70/10 au 75/11, jinzi 100/16, turubai 110/18. Badilisha baada ya kama saa 8 za kushona, au mara tu unaposikia inapiga "tu, tu" badala ya kupenya kimya.

Njia ya uzi wa juu ni hii: kutoka kwenye kijiti cha kibonge cha uzi, kwenye kiongozi cha juu, kushuka hadi kati ya sahani za tensheni (zile zinazoubana uzi), kunaswa na springi nyembamba iliyo pembeni yake, kupita chini ya kizuizi, kupanda kwenye mkono wa kuvuta uzi, kisha kushuka kwenye viongozi vilivyobaki hadi kwenye sindano. Fanya yote hayo mguu wa kukandamiza ukiwa juu. Ukiwa chini, sahani za tensheni zimebana na uzi hukaa pembeni yake badala ya kuingia katikati.

Hilo ndilo chimbuko la tatizo linalowakatisha watu tamaa: nyuzi zinajazana chini ya kitambaa kama kiota cha ndege. Kwa kuwa fujo iko chini, kila mtu hulaumu bobini, na cha kwanza kuguswa ni ile skrubu ya kikombe. Ukweli ni kinyume. Uzi wa juu haujabanwa, kwa hiyo ndoano inauvuta chini inavyotaka na hakuna cha kuurudisha juu. Pima hivi: mguu ukiwa juu, vuta uzi karibu na sindano, unapaswa kuja bila kubanwa. Shusha mguu, vuta tena, unapaswa kugoma mpaka sindano ipinde kidogo. Ukija vilevile mara zote mbili, uzi haumo kati ya sahani, au kuna kipande cha uzi kilichonasa humo. Inua mguu, pitisha kitambaa kilichokunjwa kati ya sahani, tunga uzi upya tangu mwanzo. Angalia pia mkono wa kuvuta uzi: ukiuruka huo, kiota hutokea ndani ya mishono michache.

Kiota kinachotokea mwanzoni tu mwa mshono ni kitu kingine. Acha ncha za nyuzi zote mbili zenye urefu wa sentimita 10, zilaze nyuma ya mguu na uzishike kwa mishono mitatu ya kwanza. Anza na umalize mkono wa kuvuta uzi ukiwa juu kabisa, la sivyo ukianza mshono unaofuata uzi unachomoka kwenye sindano.

Tensheni husingiziwa mambo mengi. Mimi siigusi mpaka sindano iwe mpya, uzi utungwe upya na vumbi litolewe. Baada ya hapo chukua nyuzi za aina moja, rangi mbili, ushone kitambaa kilekile utakachotumia, kikiwa tabaka mbili. Rangi ya chini ikichungulia juu, uzi wa juu umekaza mno: punguza nusu namba. Rangi ya juu ikifanya vitanzi chini, ongeza nusu namba. Anzia namba 4 katikati ya 0 na 9. Ukifika mwisho wa namba bila nafuu, tatizo haliko kwenye tensheni.

Kikombe cha bobini kina kipimo chake. Uzi unapoingia kwenye mwanya wake unapaswa kugeuka nyuma ndipo upite chini ya springi. Ukienda moja kwa moja utachomoka. Shika ncha ya uzi, kikombe kining'inie, kisha tikisa mkono kidogo. Kikishuka sentimita chache na kusimama, usikiguse. Kikiporomoka, safisha kwanza chini ya springi kwa kona ya karatasi, maana chembe moja ya vumbi huinua springi na kulegeza uzi. Vumbi likiwa halipo ndipo ugeuze skrubu kubwa kati ya zile mbili, sehemu ya nane ya mzunguko kwa wakati mmoja. Tandika kitambaa cheupe mezani kabla ya kuigusa. Skrubu hiyo ni ndogo kuliko punje ya mchele na ikiruka huioni tena.

Mishono ikiruka, badilisha sindano kwanza hata kama inaonekana nzima. Kwenye vitambaa vya kuvutika tumia sindano ya ncha ya mviringo, kwa sababu ile kali hutoboa nyuzi badala ya kuzipisha. Ikiendelea kuruka na sindano mpya iliyowekwa sawasawa, huenda ndoano imepoteza wakati wake. Ncha ya ndoano inapaswa kufika nyuma ya sindano, juu kidogo ya tundu, wakati sindano imeshapanda kama milimita 2 kutoka chini kabisa. Hilo unaweza kulikagua mwenyewe ukitoa sahani ya sindano (bamba la chuma lililo chini ya sindano) na kuzungusha gurudumu kwa mkono, ila kulirekebisha mwachie fundi.

Uzi wa juu unaokatika ovyo huwa na sababu tatu za kawaida. Uzi wenyewe umechoka (vuta kipande kwa mikono, ukikatika bila kukukwaruza vidole, utupe), tensheni imekaza, au kuna mkwaruzo kwenye tundu la sahani ya sindano. Mkwaruzo huo mara nyingi umetokana na kuvuta kitambaa kwa nguvu: sindano inapinda, inagonga chuma, inaacha jino. Pitisha kipande cha soksi laini juu yake. Ikinasa, lainisha kwa msasa mwembamba sana. Meno ya chini ndiyo yanayosukuma kitambaa, mikono kazi yake ni kuelekeza.

Mashine ikikwama kabisa usikanyage kwa nguvu. Toa kikombe cha bobini, zungusha gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo hadi uzi ulegee. Ikishindikana, fungua pete inayoshikilia ndoano (nyingine hushikwa na springi, nyingine na skrubu au vishikizo viwili), lakini piga picha kwanza ili ujue ilivyokaa. Toa uzi kwa kibanio, futa, tia tone la mafuta, rudisha.

Kwa kujifunza, anza na foronya na mfuko wa kubebea. Urefu wa mshono uwe milimita 2.5, yaani mishono 10 ichukue sentimita 2.5. Pima kwa rula, maana alama za kwenye mkono wa kupunguza na kuongeza haziaminiki kwenye nakala nyingi, pamoja na yangu. Piga pasi kila mshono kabla ya kuukatiza na mwingine. Kwa kuwa hakuna zigizaga, kingo zitafumuka usipozificha, hivyo jifunze mshono uliofichwa: weka vitambaa pande za nje zikiwa nje, shona milimita 6 kutoka ukingoni, punguza ukingo ubaki milimita 3, geuza, piga pasi, shona tena milimita 9. Jumla ni sentimita 1.5 ya ziada ya kawaida, na ndani hakuna uzi unaoning'inia. Kwenye mabega na mapaja ya suruali mshono huo ni mzito, hapo zungushia kingo uzi kwa mkono.

Nisichokipenda: haina taa, na bobini zilizokuja nayo zilikuwa na kingo kali zinazokata uzi, nikazibadilisha. Kitabu cha maelezo kina michoro midogo isiyoonyesha springi ya uzi, mahali ambapo ndipo wengi wanapokosea.

Ukinunua iliyotumika, zungusha gurudumu kwa mkono bila mkanda: liende laini mzunguko mzima, bila sehemu nzito. Shika nguzo ya sindano uitikise kushoto na kulia. Ikicheza sana, imelika. Fungua sahani utazame meno kama bado yana ncha. Hakikisha kikombe cha bobini kipo na kinaingia kwa mlio wa "tik", kisha shona kipande ulichokuja nacho mwenyewe, si kile cha muuzaji, maana chake kimechaguliwa.