Gereji iliyochemsha swichi ya feni yangu kwenye sufuria

Niseme haki kwanza: gereji hii breki wanazijua. Walinifungia pedi za mbele wakati fulani mwaka jana, na mpaka leo sina neno. Ndiyo maana feni ya rejeta ilipogoma kuwaka niliwapelekea pikipiki bila kuuliza mtu. Sasa nina hasira nao mpaka usingizi unakata.

Wenye pikipiki za rejeta mtanielewa. Ukitoka Usa River kuja Tengeru hakuna shida, upepo unaipoza injini. Ingia foleni ya Kilombero, pale sokoni Arusha mjini, sasa: taa nyekundu ya joto inawaka na feni iko kimya. Unazima, unasukuma pembeni, unasubiri. Mfuniko wa rejeta huugusi, maana maji yale ya moto yana presha na yatakurukia usoni.

Fundi mkuu akafungua swichi ya joto, ile inayoiwasha feni, akaitumbukiza kwenye sufuria ya maji yanayochemka huku ameishikilia mita ya umeme. Mita haikusema kitu. "Imekufa hii." Nikanunua mpya kwao, shilingi 85,000, ikafungwa. Feni kimya vilevile.

Hapo ndipo ninapopandisha hasira. Kitabu cha pikipiki yangu kinasema feni iwake kwenye nyuzi 105 hivi. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuria huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndani ya rejeta yanapita hapo kwa sababu ya kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji) na presha ya mfuniko, lakini kwenye sufuria iliyo wazi yachemshe mpaka yakauke, 105 hayafiki! Swichi nzima kabisa itaonekana imekufa. Swichi ya namna hii inapimwa kwenye mafuta. Fundi mwenye gereji hajui hilo?

Kisha akahamia kwenye feni yenyewe, eti mota imeungua, nilete zaidi ya laki tatu. Nikamwambia kwa adabu, "Fundi, tuipe kwanza umeme wa betri moja kwa moja tuone." Akanigeukia mbele ya wateja: "Dada, kama unajua, shika spana ufanye mwenyewe. Wanawake mkishapanda pikipiki mnajiona mafundi." Watu wakacheka. Sikumjibu, na mpaka sasa inanikera kwamba sikumjibu.

Alipoenda kula, kijana anayejifunza kazi pale akaniambia taratibu, "Dada, ngoja tuijaribu." Akavuta nyaya mbili kutoka betri hadi kwenye feni. Ikazunguka! Akatazama fyuzi, nzima. Akachomoa soketi ya swichi, akaziunganisha ncha zake kwa kipande cha waya, ufunguo ukiwa umewashwa. Feni kimya. Kwa hiyo hata swichi ikirukwa feni haiwaki, umeme ulikuwa unakatika mahali pengine. Akaufuata waya wa hasi mpaka pale unapofungwa kwenye fremu, chini ya tangi: kutu ya kijani tupu. Akaupiga msasa, akakaza boliti, akaunganisha tena zile ncha. Feni ikavuma.

Kwa kijana huyu ningetoa nyota tano na soda juu. Kwa ajili yake nilikuwa tayari kusema nendeni, ila mwulizieni yeye.

Lakini mkuu akarudi, akaiona feni inazunguka, akanidai hela ya ufundi kana kwamba amefanya yeye. Nilipomwomba aichukue swichi yake anirudishie pesa, akasema spea ya umeme ikishafungwa hairudi. Swichi yangu ya zamani alikuwa ameitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Kijana ndiye aliyeniokotea. Nyumbani nikaipima kwenye mafuta ya kupikia, mita mkononi na kipimajoto ndani: ilipopita nyuzi 100 na kidogo, ikapitisha umeme. Nimeirudisha kwenye pikipiki, na Kilombero feni inawaka yenyewe.

Basi nabadilisha niliyosema. Msiende, hata kwa breki. Kijana yule akifungua gereji yake nitamfuata popote Arusha hii. Na wewe fundi mkuu, kama unasoma hapa, swichi yako ninayo mezani, nzima, na risiti yake ninayo. Nirudishie 85,000 yangu.