Dar hadi Mwanza kwa ndege: ile saa moja na nusu ya kwenye tiketi

Miaka yote mimi ni mtu wa basi. Alfajiri stendi ya Magufuli pale Mbezi, usiku nashuka Mwanza miguu imevimba. Safari hii nikasema potelea mbali, nipande ndege, ingawa nauli ilikuwa zaidi ya mara tatu ya basi.

Kabla ya kukata tiketi niliangalia umbali mtandaoni, nikakuta kilomita 850 hivi. Nilishangaa, maana barabara ya Dodoma, Singida na Shinyanga inazidi 1,100. Kumbe hiyo 850 ni mstari mnyoofu, hauna habari na miji wala mizani.

Hesabu yangu halisi ni hii. Nilitoka Kimara saa 11 alfajiri kwa kuiogopa foleni ya Mandela, ambayo siku hiyo wala haikuwepo. Nikakaa uwanjani zaidi ya saa mbili nikitazama watu wanavyovua mikanda. Tuliruka saa 2:40, ndege ya jeti, na saa 4 kamili magurudumu yakagusa Mwanza. Dakika 80 tu! Ukipata kiti cha dirishani usilale mwishoni, ile miamba na ziwa vinapojitokeza chini ni raha tupu. Kusubiri begi, teksi hadi Nyegezi ambako ni upande wa pili wa mji, nikabisha hodi kwa dada saa 5:30. Jumla saa sita na nusu, mlango kwa mlango. Basi la alfajiri muda huo liko Dodoma, abiria wanagombea chipsi.

Kurudi ndiko kulikonichosha. Nilikuwa tayari uwanjani na boksi langu la sato wa barafu, limezungushwa selotepu, nimeshalipia kilo nne zilizozidi, meseji ikaingia: safari imesogezwa mbele kwa saa tatu. Hakuna aliyekuja kutueleza, hata maji ya kunywa hatukupewa. Na ndege iliyokuja ni pangaboi, ile ya mapanga yanayozunguka nje. Sina ugomvi na pangaboi, inatulia vizuri tu, ila jeti inakwenda kama kilomita 800 kwa saa na hii ni 500 na kidogo, kwa hiyo tulikaa angani karibu saa mbili. Ukitaka kuwahi kikao, uliza aina ya ndege kabla hujalipa, na usipange kitu cha maana siku hiyohiyo ya kurudi.

Nitapanda tena? Kwenda, ndiyo, tena bila kufikiria mara mbili. Kurudi nitachukua ya asubuhi.

Boksi lilipotoka kwenye mkanda pale Dar lilikuwa limelowa chini, linaacha michirizi. Sato wote ikabidi wakaangwe usiku uleule, na majirani wakaitwa.