Saa ya kutambua kiwewe: uzoefu wangu

Nilikuwa na mkungu wa ndizi kichwani, nikipanda kilima cha kwenda nyumbani Kibosho, saa ilipotetemeka mkononi na kuniandikia kwamba dalili za hofu zimeonekana, hivyo niketi nivute pumzi ndefu. Niketi wapi, kwenye tope? Usiku mmoja wa wiki hiyohiyo niliota tena ile Hiace niliyopata nayo ajali, ikiserereka katika mteremko wa mto Kikafu, nikaamka shuka limelowa jasho, na saa haikutikisika hata kidogo. Asubuhi ikanipongeza kwa usingizi mtulivu.

Naelewa inavyofanya kazi, maana nilijisomea kabla ya kutoa fedha. Taa ya kijani iliyo chini yake humulika ngozi na kusoma damu inavyopita, ikapata mapigo ya moyo na tofauti za muda kati ya pigo na pigo, ambazo kwa wengi wenye kiwewe, yaani jeraha la moyoni linalobaki baada ya tukio la kutisha, huwa ndogo kuliko kawaida. Kisha akili mnemba hulinganisha hayo na mifano iliyofundishwa, na baadhi ya mifano ya namna hiyo katika tafiti imetoka kwa askari wastaafu wa Marekani. Sina ugomvi na askari hao, ila sidhani kama kuna aliyepimwa akiwa na mkungu kichwani. Huko kwao kuna programu iitwayo NightWare, iliyoruhusiwa mwaka 2020 kwa ajili ya ndoto mbaya za kiwewe, na haitolewi bila cheti cha daktari. Yangu niliuziwa Arusha, kwenye rafu moja na chaja za simu.

Nilipoirudisha dukani, kijana aliyeniuzia hakuigusa. Akasema, akiwa bado anatazama simu yake, "Mama, mashine haidanganyi. Labda hofu unayo, ila wewe mwenyewe hujijui."

Mimi nisijijue? Tangu ajali ile siketi kiti cha mbele, na honi ya lori ikilia nyuma yangu magoti hulegea. Hayo sikuambiwa na saa. Nilimjibu kwa sauti ambayo mama mtu mzima hapaswi kuitoa mbele za watu, na katikati ya maneno yangu saa ikatetemeka. Kijana akacheka: "Si unaona?" Ilikuwa hasira, wala si hofu, lakini moyo hudunda vilevile kwa hasira, kwa hofu na kwa kilima, na yeyote anayeuza kifaa hiki angepaswa kulijua hilo kabla ya kujua bei yake. Niliondoka nimeazimia kuandika kwamba kifaa hiki ni utapeli mtupu.

Neno hilo sasa nasita kulitumia. Jioni hiyo, gari lilipoanza kuteremka Kikafu, saa ilitetemeka, nami nikatazama mkono wangu nikakuta nimeikunja shuka ya mzee aliyeketi kando yangu, nimeishikilia kwa nguvu, bila habari. Sikuwa nimepanda kilima wala kugombana na mtu. Nilivuta pumzi kama ilivyoagiza, nikamwomba mzee radhi, naye akasema, "Shikilia tu, mwanangu, mpaka tuvuke."

Nilipanga kuipa nyota moja. Naipa mbili, na ya pili ni ya Kikafu. Yule kijana simpi kitu.