Nyama za paja: fiziotherapia mbili kwa jeraha moja

Nilikuwa nakimbilia mpira mrefu pembeni mwa uwanja nikahisi kitu kimekatika nyuma ya paja la kulia, kama nimepigwa jiwe. Siku ya tatu weusi ulikuwa umeteremka mpaka nyuma ya goti, nikaogopa kwamba jeraha linasambaa. Kumbe ni damu iliyovuja ndani ya msuli na kushuka. Daktari alisema ni daraja la pili: nyuzi zimechanika kwa sehemu, msuli haujakatika wote.

Kliniki ya kwanza nilikuwa mtu wa kulala kitandani tu. Taulo la moto, mashine ya umeme, kuchuliwa kidogo, basi, nenda nyumbani. Nilikuwa natoka pale najisikia mwepesi, siwezi kusema uongo. Baada ya wiki nne maumivu yakaisha, nikaambiwa nimepona. Hakuna aliyenipima nguvu ya mguu hata siku moja. Nikarudi uwanjani, na mbio kali ya kwanza tu nikajitonesha palepale. Siku ile nililia, na si kwa sababu ya maumivu.

Mtaalamu wa pili alinilaza kifudifudi, akanishika kisigino, akaniambia nikunje goti huku yeye anazuia. Mguu wa kushoto ukamshinda nguvu. Wa kulia ulitetemeka na kuachia. Akaniambia, "Maumivu yaliondoka, nguvu haikurudi." Mpaka leo nasikitika kwamba kipimo cha dakika tano kama kile sikufanyiwa mapema.

Alinieleza pia kwa nini msuli huu huumia kwenye mbio: mguu ukitupwa mbele, kabla tu ya kukanyaga, msuli wa nyuma unavutika na papo hapo unafunga breki. Kwa hiyo lazima ufundishwe kubeba mzigo ukiwa umerefuka. Akanitajia utafiti wa Carl Askling wa Sweden wa mwaka 2013: wanasoka waliofanya mazoezi ya namna hiyo walirudi kwa wastani wa siku 28, wenzao wa mazoezi ya kawaida siku 51. Mimi niliyejitonesha nilichukua wiki 11, na hakunificha kwamba ningechelewa.

Tulianza na kulala chali, visigino chini, kunyanyua kiuno na kushikilia. Kisha mguu mmoja. Kisha kusimama kwa mguu mmoja na kuinama mbele mikono imenyooshwa, kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Lililokuwa gumu kuliko yote ni la kupiga magoti: mtu anakushika vifundo vya miguu, wewe unashusha mwili mbele polepole ukiuzuia kwa mapaja. Siku mbili za kwanza nilishindwa hata kukaa vizuri.

Kilichonisaidia zaidi ni kanuni yake ya maumivu. Jipe alama kutoka 0 hadi 10; ikiwa haizidi 3, endelea, ikizidi, punguza mzigo. Zamani kila nikisikia paja linavuta nilikuwa naacha kabisa kwa woga. Sasa nilikuwa na kipimo mkononi.

Kasoro ipo. Kazi kubwa unafanya nyumbani, mara tatu kwa wiki, hakuna anayekusimamia, na wiki za katikati huoni mabadiliko yoyote. Niliruka mazoezi wiki ya sita na kipimo kilichofuata kilionyesha hivyo. Mtu anayetaka kuchuliwa tu hatafurahia huduma hii.

Mbio za kasi kamili hakuniruhusu mpaka mguu wa kulia ulipofikia asilimia 90 ya nguvu ya wa kushoto. Nilimsihi anipunguzie, akakataa, na namshukuru kwa hilo.

Huu ni mwezi wa nane sijajitonesha. Zoezi la kupiga magoti bado nafanya mara mbili kwa wiki, mke wangu ndiye ananishikia vifundo.