Sare ya mtoto anayeanza shule: wapi pa kuweka fedha, wapi pa kubana

Kigezo cha kwanza cha sare ya mtoto anayeanza shule ni choo. Nyumbani alikuwa akiita, mtu anakuja kumfungulia. Shuleni ataomba ruhusa akiwa ameshabanwa, atakimbia, na akifika atakuwa peke yake na kifungo kigumu, kulabu ya chuma na zipu inayokwama. Mtoto wa miaka mitano au sita asiyeweza kujivua kaptula upesi atajikojolea, na aibu ya siku ile inaweza kumfanya aichukie shule kabla hajaizoea. Ndiyo maana naanza hapa, kabla ya kitambaa na kabla ya bei: nguo asiyoweza kuivua na kuivaa mwenyewe haimfai, hata ukipewa bure.

Baada ya hapo uliza mambo mawili tu. Je, itastahimili kufuliwa kila wiki kwa mwaka mzima? Na je, ina nafasi ya kukua naye? Watoto wa umri huu hurefuka kama sentimita 5 hadi 7 kwa mwaka, na miguu ndiyo hurefuka haraka kuliko kiwiliwili. Kiuno hubadilika polepole. Kwa hiyo kaptula humfupia mtoto zamani kabla haijambana, na hapo ndipo ule ushauri wa "mnunulie kubwa, atakua" unapokosea. Ukichukua saizi mbili juu, urefu utakuwa sawa mwakani, lakini leo kiuno kinateremka na mtoto anacheza mkono mmoja ukishikilia kaptula. Anachohitaji ni kiuno cha leo na urefu wa mwakani, na vyote viwili vinapatikana katika nguo moja ukijua pa kuangalia.

Chukua kwanza orodha ya shule, uisome taratibu. Tenganisha kilicho lazima na kilichozoeleka. Mara nyingi lililo lazima ni rangi na nembo, basi. Uliza kama nembo inauzwa peke yake ili uishonee kwenye nguo uliyoinunua kwingine, maana swali hilo moja laweza kupunguza gharama kuliko kupatana bei siku nzima. Halafu panga idadi kwa ratiba yako ya kufua. Kwa anayefua mara moja kwa wiki, mashati matatu, kaptula au sketi mbili, sweta moja na jozi tano za soksi zinatosha. Usinunue sweta mbili mwanzoni. Subiri uone kama hiyo ya kwanza itarudi nyumbani.

Sasa njia zenyewe, kwa mpangilio ninaouamini.

1. Sare iliyoachwa na mtoto aliyetangulia

Naiweka juu, na si kwa sababu ya bei peke yake. Nguo iliyofuliwa mara nyingi imeshasema ukweli wake: iliyokuwa ya kuruka (kupungua ikifuliwa) imesharuka, ya kuchuja imeshachuja, mshono wa ovyo umeshafumuka. Unachokiona ndicho utakachokipata. Njia hii inafaa hasa kwa sweta, koti, gauni na sketi, kwani watoto huziacha kwa kuzipita kimo kabla hazijachakaa.

Kaptula na suruali zikague zaidi. Zigeuze nje ndani, uziinue kwenye mwanga wa dirisha, uangalie msamba, sehemu ya kukalia na magoti. Mwanga ukipenya pale kuliko sehemu nyingine, kitambaa kimelika na hakitamaliza mwaka. Shati jeupe liangalie ndani ya kola na kwapani, kwa kuwa umanjano wa jasho uliokwisha kukaa ni shida kutoka. Viatu vilivyovaliwa sivipendekezi kamwe. Vimeshachukua umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza, na mtoto wako atalazimika kukanyaga kwa mwendo wa mtu mwingine.

2. Kushonesha kwa fundi

Hii ndiyo njia bora ya kupata kaptula, suruali, sketi na gauni, ikiwa unajua cha kumwambia fundi. Wengi humpa kitambaa, mtoto anapimwa, basi. Kisha wanashangaa nguo kutoongezeka hata kidogo baada ya miezi minane. Fundi hukata kwa kubana kitambaa usipomwambia vingine.

Mwambie hivi: pindo la chini liwe la sentimita 6 hadi 8, lishonwe kwa mkono au kwa mshono mrefu unaofumuka kirahisi. Mshono wa nyuma wa kiuno ubakizwe kitambaa cha akiba, walau sentimita 2 na nusu kila upande. Msamba upigwe mshono mara mbili, kingo zote za ndani zipigwe ovaloki (mshono unaozuia kitambaa kisichanikechanike nyuzi), na pembe za mifuko zikazwe kwa mshono wa kurudiarudia, maana mtoto hutia mkono mfukoni kutwa na pale ndipo panapochanika kwanza. Kiuno kiwe bapa mbele na mpira nyuma, bila kulabu. Uzi uwe wa poliesta, kwani ule wa pamba hukatika mapema.

Kitambaa chenye pamba nyingi kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, ili kuruka kwake kuishie kwenye beseni. Fundi akikataa kusubiri siku hiyo moja, kiloweke mwenyewe kabla ya kumpelekea.

Kwa mtoto wa kike, gauni lisilo na mikono hudumu kuliko sketi. Halina kiuno cha kubana, hivyo linamfuata anavyokua na kazi yako inabaki kushusha pindo. Ila zipu isiwe mgongoni asikofika. Vifungo viwe mbele au shingo iwe pana ya kupitisha kichwa. Ukiamua sketi ya marinda, basi kitambaa kiwe na poliesta nyingi, kwa sababu poliesta hushika kunjo la pasi. Marinda ya pamba tupu hupotea kila ukifua, nawe utarudia kuyapanga moja moja wakati wenzako wamelala.

Kasoro ya njia hii ni muda. Shule zikikaribia kufunguliwa mafundi hulemewa, na kazi ya haraka ndiyo yenye mishono mirefu. Nenda mwezi mmoja kabla.

3. Nguo moja moja kutoka dukani

Mashati na soksi nunua tayari. Kola na mikono ya shati vinataka kazi nyingi, na cha kiwandani mara nyingi ni nafuu na nadhifu kuliko cha kushonesha. Chagua saizi moja juu, si mbili. Shati huchomekwa, kwa hiyo urefu wa ziada haumsumbui.

Ukiwa pale dukani, hesabu mishono kwenye sentimita moja ya mshono wa ubavuni: minne au mitano ni kazi nzuri, miwili ni ya kufumuka. Vuta kila kifungo kidogo. Kunja kola, iachie, uone kama inarudi bila mikunjo. Usiamini saizi iliyoandikwa kwa umri, kwa kuwa "miaka 6" ya kiwanda kimoja inaweza kuwa "miaka 8" ya kingine. Pima urefu wa mtoto nyumbani, uende na sentimita zake mkononi.

Kaptula za dukani nazo zinafaa zikiwa na mpira wa kiuno wenye matundu ndani, ule unaovutwa na kuzuiwa kwa kifungo. Huo unakupa kiuno cha leo na cha mwakani pamoja. Chungulia na pindo la chini. Likiwa la sentimita moja, nguo hiyo ina mwaka mmoja tu, hata ikiwa imara namna gani.

4. Seti kamili iliyofungwa pamoja

Hii naiweka mwisho, ingawa ndiyo inayomrahisishia mzazi mwenye haraka. Seti hudhani kwamba mtoto ana saizi moja juu na chini, na watoto wengi hawako hivyo. Tena ndani yake huwa mna kitu usichokihitaji kinachobeba sehemu ya bei. Kama shule inalazimisha kununua kwake, omba kununua kipande kimoja kimoja, uchukue chenye nembo, mengine utafute nje. Wakikataa kabisa, chagua saizi inayolingana na kiuno, kisha uone kama pindo lina cha kushusha.

Kuhusu kitambaa, nina msimamo: shati liegemee pamba, nguo ya chini iegemee poliesta. Pamba hunyonya jasho na haimwashi mtoto, lakini hukunjamana, huchelewa kukauka na huruka. Poliesta ni ngumu, hukauka upesi na haipauki haraka, lakini hushika joto na harufu. Shati lenye pamba nusu au zaidi linamfaa mtoto anayekimbia. Kwa kaptula na sketi, ule mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35 kwa mia umezoeleka kwa sababu nzuri. Muuzaji akikuhakikishia "hii pamba tupu" nawe una shaka, chomoa uzi mmoja ukingoni, uuchome mbali na watu. Pamba huungua ikanukia karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Rangi ipime kwa leso nyeupe iliyolowa: sugua kitambaa mara kadhaa, na leso ikichukua rangi ujue mashati yako meupe yako hatarini kwenye beseni.

Sweta za akriliki, nyuzi za kiwandani zinazoiga sufu, ni nafuu, zinafulika kirahisi, ila huota vijidonge vya nyuzi viwikoni na ubavuni. Za sufu hutia joto zaidi lakini zikiingia maji ya moto hujikaza zisirudi tena. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, akriliki iliyofumwa kwa kubana inatosha. Ivute mkononi: ikirudi umbo lake, chukua. Tai, kama ipo, iwe ya mpira au ya klipu, inayoachia ikivutwa. Nguo yenye kamba za kufungia shingoni au kwenye kofia iache. Kiwango cha Ulaya EN 14682 kinazikataza kwenye nguo za watoto wadogo, kwani zimewahi kunasa kwenye vyombo vya kuchezea na kuwakaba.

Viatu ndipo ninapokuomba usibane. Ukipunguza popote pengine ili upate jozi moja nzuri, umefanya sawa. Mguu wa umri huu hurefuka karibu sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo nafasi mbele ya dole refu iwe kama sentimita 1, isizidi 1 na nusu. Kiatu kinachopwaya humlazimu mtoto kukaza vidole ili kisimvuke, naye huanguka. Pima jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, akiwa na soksi za shule. Chora miguu yote miwili juu ya kadibodi, ikate, uitumbukize ndani ya kiatu. Kadibodi ikikunjika, kiatu ni kidogo, asikudanganye mtu kwamba kitalegea.

Kisha kikunje kiatu mkononi: kipindike pale vidole vinapoanzia, siyo katikati. Bonyeza kisigino, kisibonyee. Soli iliyoshonwa pembeni hurekebishika kuliko iliyogandishwa kwa gundi tupu. Ngozi halisi hupumua na hupokea kiwi miaka nenda rudi, ile bandia hupasuka pale inapokunjwa na haina dawa. Mikanda ya velkro au bizimu pana, siyo kamba, mpaka atakapojua kufunga mwenyewe. Soksi zote zinunue za aina na rangi moja, ili ikipotea moja zilizobaki ziendelee kuoana.

Mashati meupe yakianza kufifia, yaloweke na kuyaanika juani, uache dawa za klorini. Klorini hulegeza pamba, na ikirudiwarudiwa shati hupata matundu kabla mtoto hajalipita. Nguo za rangi zianike kivulini zikiwa zimegeuzwa.

La mwisho kabla ya kufungua shule ni jina. Liandike ndani ya kila nguo kwa wino usiotoka au kwa uzi, na lisionekane kwa nje, maana mtu asiyemjua asipewe njia ya kumwita mtoto wako kwa jina barabarani. Kwenye kiatu liandike chini ya mkanda au ulimi. Likiwa ndani kwenye soli, jasho hulifuta upesi.