Bachela ya saikolojia mtandaoni huku nikipiga shifti za usiku: uzoefu wangu

Nimemaliza bachela ya saikolojia mwezi wa tano, yote mtandaoni, na tangu niweke picha ya joho watu hawaishi kuniuliza kama hiyo digrii ni ya kweli ama ni zile za kununua. Ni ya kweli jamani. Chuo sikitaji jina kwa sababu kuna mahali nitakilalamikia hapa chini, ila ni chuo cha serikali ya jimbo huku Marekani, kina kampasi na timu ya mpira na kila kitu, na kwenye cheti changu hakuna palipoandikwa kwamba nilisomea sebuleni.

Mimi mtu wa Mombasa, naishi Minnesota, na kazi yangu ni ile wengi wetu tunaifanya huku, grupu homu, kukaa na watu wenye ulemavu wa akili, mimi zamu ya usiku. Kwa hivyo mambo ya kwenda darasani saa nne asubuhi nilikuwa siyawezi kabisa, ni mtandaoni ama niache.

Kitu cha kwanza kuangalia kabla hujalipa hata senti ni ithibati. Vyuo vya huku vinakaguliwa na mashirika kama Higher Learning Commission na Wizara ya Elimu ya Marekani ina orodha mtandaoni, unaandika jina la chuo tu unaona kama kimo ama hakimo. Halafu mkiona tangazo linasema bachela yao ya saikolojia imepewa ithibati na APA, kile chama cha wanasaikolojia cha Marekani, kimbieni, APA haikagui bachela, inakagua ngazi za juu. Na kama una nia ya kurudi nyumbani na hiyo karatasi basi waulize mapema wasimamizi wa vyuo vikuu, CUE kwa Kenya au TCU kwa Tanzania, kama watakitambua chuo chako, usingoje mpaka uwe umeshafunga mizigo.

Pesa sasa. Bachela ni krediti 120, yaani vipimo vya masomo, kila kozi ina zake, na kila krediti ina bei yake, kwa hivyo kila krediti unayoiokoa ni pesa imebaki mfukoni. Nilikuwa na diploma ya nyumbani, nikaipeleka WES, shirika la kupima vyeti vya nje, wakaipima na chuo kikanikubalia sehemu yake. Halafu kuna mitihani inaitwa CLEP, ambayo sijui kwa nini hatuambiani. Ule wa utangulizi wa saikolojia ni dakika 90, alama zinaanzia 20 mpaka 80, ukipata 50 vyuo vingi vinakupa krediti za kozi nzima, na kuna shirika linaitwa Modern States ukimaliza kozi yao ya bure wanakulipia huo mtihani. Uliza chuo chako kwanza wanakubali ipi. Na ukiwa na grinikadi jaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, Pell Grant ni ruzuku yao na hairudishwi, mwaka wa 2024/25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395 ingawa si kila mtu anapata yote, inategemea kipato.

Masomo yenyewe yanaenda kwa vipindi vya wiki nane na wiki nane zinakimbia usicheze. Kila wiki unasoma, unaandika mjadala kufikia Jumatano, halafu Jumapili usiku uwe umewajibu wenzako wawili. Hii mijadala ndiyo kitu dhaifu kuliko vyote, nusu ya watu wanaandika "nimeipenda sana pointi yako" kisha wanarudia pointi yako yote, na profesa mwenyewe unaweza kumaliza kozi hujaona hata sura yake.

Mtihani ndio ulinitoa jasho. Unafanyia nyumbani lakini kuna programu inawasha kamera, inataka kitambulisho, inakuambia zungusha laptopu chumba kizima, onyesha chini ya meza, yaani unakaguliwa kama uko uwanja wa ndege na wewe uko kwako umevaa kanga. Sasa mimi nikisoma swali gumu midomo hunicheza, ndivyo nilivyosoma toka madrasa. Programu ikaandika kwamba naongea na mtu. Matokeo yakazuiliwa, nikaandika imeili, nikajibiwa na mashine, nikaandika tena, mpaka binadamu mwenyewe akaketi akaitazama ile video akaona ni mama peke yake anajisomea. Alama zikaachiliwa na pole sikupewa.

Halafu kuna takwimu. Watu wanadhani saikolojia ni kukaa kuzungumzia hisia na ndoto za Freud, ngoja wafike kwenye SPSS, programu ya takwimu, waulizwe p, ile namba ya kupimia kama matokeo yana uzito, ikiwa 0.06 utasema nini. Wenzangu wengi walikwama hapo. Ushauri wangu, pakua jamovi, programu nyingine ya takwimu, ni ya bure, uanze kuichezea kabla kozi haijaanza, na takwimu ichukue peke yake kipindi kizima usiichanganye na nyingine.

Lakini kuna siku somo linakuja linakaa palepale kwenye kazi yako. Tulipofika kwa Skinner, yule mwanasaikolojia wa mambo ya tabia na zawadi, nikajifunza kwamba tabia ikinyimwa zawadi iliyoizoea huwa inapanda kwanza ndio ishuke. Kazini tuna kijana hugonga kaunta ya jikoni usiku wa manane akitaka soda. Wafanyakazi wanampuuza, anagonga zaidi, wanampuuza, anagonga mpaka majirani waamke, hapo mtu anampa soda ili apate amani. Yaani anafundishwa kwamba kugonga kidogo hakulipi, gonga sana. Nikalipeleka jambo hili kwa supavaiza na yule anayeandika mpango wa tabia, wakaubadilisha, sasa kuna saa ya soda inayojulikana na anaipata bila kugonga. Mara ya kwanza kuona kitabu kinafanya kazi mbele ya macho yangu.

Na hii ilinifurahisha peke yangu: ile nadharia ya mtoto anavyoshikamana na mama yake, ambayo mwanasaikolojia Mary Ainsworth aliifanyia utafiti, kila mtu darasani anaijua kwa majaribio yake ya Baltimore, kumbe mama huyu alianza katikati ya miaka ya 1950 huko Uganda, karibu na Kampala, akiingia majumbani mwa Waganda kutazama kina mama na vichanga vyao. Niliandika mjadala mrefu kuliko yote na nikajibiwa na watu wawili, wale wa lazima.

Sasa kazi. Digrii hii haikufanyi mwanasaikolojia, huku majimbo mengi yanataka udaktari ndio ujiite hivyo, na kuwa mshauri nasaha mwenye leseni kunataka masta. Nyumbani Kenya nako kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014 na bodi yake ya usajili. Kwangu mimi imelipa kwa sababu nilikuwa tayari ndani ya hii kazi: kuna cheo kinaitwa QIDP, mtu wa kusimamia mipango ya huduma za watu wenye ulemavu wa akili, kanuni za serikali kuu zinataka digrii ya fani kama hii pamoja na angalau mwaka mmoja wa kukaa na watu wenye ulemavu wa akili, na huo uzoefu ninao wa kutosha, nimeshaitwa mahojiano. Lakini kama lengo lako toka mwanzo ni leseni ya ustawi wa jamii, chukua bachela ya ustawi wa jamii si saikolojia, maana wao masta wanaweza kuimaliza karibu kwa mwaka mmoja na sisi wa saikolojia ni miwili kamili. Hili advaisa, yaani mshauri wa masomo wa chuo, hatakwambia usipouliza.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ile programu ya kamera. Na nyie mlio na viza ya F-1, ile ya wanafunzi, hii haiwahusu, kwenye mzigo wenu wa lazima wa semista wanahesabu kozi moja tu ya mtandaoni, zilizobaki lazima mwonekane darasani.